Mali ya Wazee: Yatupasa Kusema au Kunyamaza?



Katika Katekisimo yetu twafundishwa amri tatu ambazo hukaa kitabuni kwa amani, kila moja mahali pake. Amri ya Nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi. Amri ya Saba yatukataza kuiba. Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Lakini huja siku amri hizi tatu zikakutana mbele ya mtu mmoja, naye akaona kama kwamba kila moja yamvuta upande wake. Mtu tunayetaka kumwangalia leo ni karani wa benki.

Tuweke mfano, wala hatumsemi mtu yeyote. Bibi mwenye umri wa miaka 80 aingia katika benki moja ya Mji Mkongwe, Unguja, ameshikwa mkono na mpwa wake. Karani amjua bibi huyu tangu zamani. Alizoea kuja peke yake, kutoa fedha kidogo za matumizi, na kuuliza habari za watoto wa karani. Sasa ni mara ya tatu kuja katika mwezi mmoja, na kila mara atoa fedha nyingi. Bibi akiulizwa neno, mpwa ndiye ajibuye. Bibi aweka kidole chake mahali pa sahihi, atazama chini, kisha wote wawili watoka. Karani hakuona sheria yoyote iliyovunjwa. Fedha ni za bibi, kidole ni chake, na mpwa ni damu yake. Hata hivyo moyo wa karani hautulii. Je, aseme au anyamaze? Na akisema, amwambie nani?

Nchi nyingine zimekwisha kulijibu swali hili kwa sheria. Katika Marekani, jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2005, ikaanza kutumika mwaka 2007, kwamba watumishi wa benki wakishuku kuwa mtu mwenye miaka 65 au zaidi adhulumiwa mali yake, hawana hiari tena. Imewapasa kutoa habari kwa idara yenye kazi ya kuwalinda watu wazima wasiojiweza, au kwa polisi. Wasipofanya hivyo, benki yaweza kutozwa faini. Tena mwaka 2018 bunge la Marekani lilipitisha sheria nyingine kwa nchi nzima. Hii haimlazimishi mtumishi kusema, ila yamkinga asishtakiwe, ikiwa amefundishwa kazi hiyo na amesema kwa nia njema.

Kwetu pia benki si mahali pa kufumba macho. Sheria ya kuzuia fedha haramu ya Tanzania Bara ya mwaka 2006, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2009, ziliwaagiza watu wa benki kutoa habari za fedha wanazozishuku. Lakini shabaha ya sheria hizo ni wahalifu wanaotaka kuzisafisha fedha zao. Karani akiona fedha nyingi zisizojulikana zilikotoka, ajua la kufanya. Fedha za bibi yajulikana zilikotoka. Linalotia shaka ni mahali zinakokwenda, na mkono unaozichukua.

Msomaji aweza kuuliza, kwa nini tuyaseme haya katika Unguja, mahali ambapo wazee wengi ni wavuvi na wakulima, wala si matajiri? Twajibu kwamba hali imebadilika. Mwezi wa Aprili mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kutoa Pensheni Jamii. Kila mzee mkaazi wa visiwa hivi aliyetimiza miaka 70 hupata fedha kila mwezi, awe alikuwa mtumishi wa serikali au alilima mihogo maisha yake yote. Kwanza zilikuwa shilingi 20,000, na baadaye zikaongezwa kuwa shilingi 50,000. Wazee waliopata fadhila hiyo wamepita 20,000. Tena mwaka 2020 ilipitishwa Sheria ya Mambo ya Wazee, yenye kuzilinda haki zao. Twamshukuru Mungu kwa mambo haya, maana nchi nyingi zenye mali kuliko visiwa hivi hazijamfikiria mzee asiyewahi kupata mshahara.

Lakini penye urembo ndipo penye urimbo. Mzee ambaye zamani hakuwa na cha kuibiwa, leo ana fedha, tena siku yake ya kuzipata yajulikana na mtaa mzima. Miguu ikimshinda, humtuma mtu. Macho yakimshinda, humpa mjukuu simu yake pamoja na namba ya siri. Wengine wana shamba la mikarafuu au chumba katika nyumba ya urithi, na hati zake zimefungwa kitambaani chini ya mto. Hapo ndipo amana huzaliwa, na khiyana nayo huweza kuzaliwa hapo hapo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wala asiseme mtu kwamba shilingi 50,000 ni kitu kidogo. Nabii Nathani alipomwendea Daudi hakumsimulia habari za kundi kubwa, alimsimulia habari za kondoo mmoja wa maskini. Ukubwa wa wizi hupimwa kwa kilichobaki katika nyumba ya aliyeibiwa.

Basi na tuzisikilize sababu za wale wasemao kwamba karani anyamaze. Si sababu za watu wabaya, nazo zastahili kujibiwa kwa heshima.

Sababu ya kwanza ni sitara. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba aibu ya nyumba haitoki nje ya mlango, na milango ya Mji Mkongwe ni mizito. Mzee mwenyewe ndiye wa kwanza kuificha aibu hiyo. Akiulizwa, hujibu, “Nimempa mwenyewe.” Hataki kumlalamikia mwanawe hata moyoni, kwa kuogopa kwamba machozi ya mzazi yatakuwa laana juu ya mtoto, naye ataka afe akiwa amemwachia radhi. Tusiudharau moyo huo. Ni upendo mkubwa. Lakini maana ya sitara ni kumfunika aliye uchi. Katika habari hii aliye uchi ni nani? Ikiwa nguo yetu yamfunika mwenye kunyang’anya, na bibi ameachwa katika baridi, hiyo haiwezi kuitwa sitara. Na wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua.

Sababu ya pili ni siri ya benki. Mtu aliyeweka mali yake amana ana haki kwamba habari zake zisitangazwe. Juu ya jambo hili iko kesi ya Tournier, iliyoamuliwa na mahakama ya rufani ya Uingereza mwaka 1924, nayo yafaa kukumbukwa. Meneja wa benki alizungumza kwa simu na waajiri wa mteja wake, akawaambia kwamba alidhani mtu huyo acheza kamari. Mkataba wa kazi wa mtu huyo haukuendelezwa. Mahakama ikasema kwamba benki imefungwa kutunza siri za mteja, isipokuwa kwa mambo manne: sheria ikiilazimisha kusema, au wajibu kwa watu wote ukiidai, au haki ya benki yenyewe ikihitaji, au mteja mwenyewe akiridhia. Twajifunza mawili hapa. La kwanza, siri ni jambo zito, na shaka iliyosemwa ovyo yaweza kumvunjia mtu riziki yake. La pili, siri hiyo tangu zamani haikuwa kufuli lisilo na ufunguo. Siri iliwekwa kwa faida ya mwenye amana. Ikiwa yatumika kumlinda mtu anayeila amana hiyo, imegeuzwa kinyume cha kazi yake.

Sababu ya tatu yatoka katika Katekisimo yenyewe, nayo ndiyo inayowasumbua zaidi Wakristo wenye dhamiri njema. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Dakta Martin Luther aieleza Amri ya Nane kwamba tumtetee jirani, tumseme vema, na kuyafasiri mambo yake yote kwa wema. Je, karani anayemshuku mpwa haivunji amri hii? Pengine fedha zile ni za dawa. Pengine ni za kuezeka paa la bibi. Nani amempa karani ruhusa ya kuwaza mabaya?

Twajibu kwanza kwamba Luther yule yule, akiieleza Amri ya Saba, hakutosheka kusema tusiibe. Alisema imetupasa pia kumsaidia jirani mali yake itunzwe na kuongezeka. Na katika habari yetu majirani ni wawili, mpwa na bibi. Kumfikiria mpwa mema bila kumfikiria bibi hata kidogo si wema. Ni kuchagua jirani aliye na nguvu. Pili, katika Katekisimo Kubwa Luther alitofautisha kusengenya na kutoa habari mahali pake. Uovu wa jirani usiutangaze kwa watu. Ama uupeleke kwa yule aliyewekwa kuushughulikia, ama uunyamazie. Kosa la meneja wa Tournier lilikuwa hilo hasa: aliipeleka shaka yake kwa watu wasio na kazi ya kuipima. Karani anayewasimulia wenzake habari za bibi wakati wa chai asengenya, hata kama kila neno ni kweli. Karani anayempelekea habari hiyo mkubwa wake, au afisa wa ustawi wa jamii, hajamhukumu mtu. Amesema tu, “Nimeona hivi, ninyi mlio na kazi hiyo, tazameni.”

Wengine hutuonyesha Injili ya Mathayo mlango wa 18, ambapo Bwana aagiza kwamba ndugu akikosa aendewe kwanza peke yake. Je, karani amwendee kwanza mpwa faraghani? Sheria za fedha hukataza jambo hilo, maana mwenye kushukiwa akiambiwa, huharakisha kuzichukua fedha zilizobaki. Hapo sheria na Maandiko huonekana kugombana. Lakini mfikiri vema, wapendwa. Kule Bwana asema habari ya ndugu aliyekukosa wewe. Haki yangu mimi naweza kuivumilia, naweza kungoja, naweza hata kuiacha. Haki ya bibi si yangu hata niiache. Mtu avumiliaye kwa mali ya mwingine hajavumilia kitu; amelipa upole wake kwa fedha za maskini.

Sababu ya nne ni nzito zaidi. Mzee si mtoto. Amri ya Nne yatuagiza kumheshimu, na sehemu moja ya heshima ni kukubali kwamba mali yake ni yake, hata akitaka kuigawa kwa namna tusiyoipenda. Babu akimpa mjukuu mpotevu fedha zake za mwisho, pengine ni upumbavu, pengine ni rehema kama ya yule baba wa mwana mpotevu. Karani akianza kumhoji kila mwenye mvi, wazee wataona wamedharauliwa, watazitoa fedha zao benki na kuzificha chini ya kitanda, na huko mwizi atazipata upesi zaidi. Sheria ya kuwalinda wazee yaweza kuwa fimbo ya kuwachapa.

Kwa hiyo yatupasa kujua tofauti ya zawadi na unyang’anyi, nasi twaona iko katika mambo matatu. Je, mtoaji ajua ametoa nini na kiasi gani? Je, angaliweza kukataa bila kuogopa kukosa chakula chake cha jioni? Je, aweza kuyasema hayo kwa kinywa chake, pasipo yule anayepokea kusimama karibu naye? Mambo hayo matatu yakiwapo, ni zawadi, na karani anyamaze hata kama yamsikitisha. Yasipokuwapo, alama ya kidole haitoshi. Mkumbukeni Isaka katika uzee wake. Macho yake yalikuwa yamepofuka, na mwanawe alikuja kwake na nguo za ndugu yake. Isaka alishuku, aliuliza, alipapasa, aliisikiliza sauti. Hakuwa mpumbavu. Alichokosa ni mtu wa tatu chumbani ambaye angalimwambia kweli. Mkewe aliyekuwa karibu alikuwa upande wa hila. Wazee wetu wengi wamo katika chumba hicho: hawakosi akili, wamekosa shahidi mwaminifu. Basi kwa bibi wa mfano wetu, jambo la kwanza ni kumwomba mpwa akae nje kidogo, na kumwuliza bibi mwenyewe kwa upole, “Bibi, hivi ndivyo upendavyo?” Kumwuliza hivyo ni kumheshimu. Kwenda kushtaki pasipo kumsikiliza ni kumfanya mtoto tena.

Iko sababu ya tano, na hii hatuwezi kuijibu kwa maneno matupu. Mara nyingi mkono unaoiba ndio huo huo unaopika uji, unaoteka maji, unaomgeuza mzee kitandani. Habari ikitolewa na mpwa akichukuliwa, usiku huo nani atampa bibi maji? Mzee huyapima mambo haya katika ukimya wake, naye huona ni afadhali kuibiwa na kuoshwa kuliko kuwa salama na kuachwa. Ziko nyumba za kuwatunza wazee Sebleni na Welezo, nazo zimewahifadhi wengi waliokosa watu. Walakini mzee aliyezoea sauti za nyumbani kwake hapendi kuhamishwa kwa sababu ya kosa la mwingine.

Hapa ndipo twaona upungufu wa sheria za namna ya California, ijapokuwa twazisifu. Sheria yaweza kumlazimisha karani kusema. Haiwezi kumlazimisha mtu kupenda. Hukoma mlangoni pa bibi. Iliyo baki ni kazi ya jirani na ya kanisa.

Basi twasema hivi kwa ufupi. Ni haki kuwa na sheria ya kumtaka karani aseme, na twatamani ifike hata kwetu. Ni haki kwa sababu yampunguzia karani mzigo: hachagui tena kati ya bibi na mpwa, atimiza wajibu wa kazi yake. Lakini iwe na mipaka: habari iende kwa wenye kazi hiyo tu, mzee asikilizwe kwanza peke yake, na kila mara mkono mbaya uondolewapo, uwepo mkono mwingine wa kushika mahali pake.

Katika jambo hili sisi Wakristo wa Unguja tulio wachache twaweza kusimama pamoja na jirani zetu Waislamu, maana nao hulihesabu jambo la amana kuwa zito mbele za Mungu. Tangu mwaka 1905 Zanzibar imekuwa na Kamisheni ya Wakfu, na msingi wake ni huu, kwamba anayeishika mali kwa ajili ya mwingine atatoa hesabu. Mjukuu anayeishika simu ya bibi yake naye ni mshika amana. Hakuna aibu kumwuliza hesabu.

Nanyi walimu wa Katekisimo na wazee wa kanisa, mnaoingia katika nyumba ambazo karani haingii, twawaomba mambo machache. Mkimtembelea mzee, kaeni naye kidogo pasipo wengine, kisha sikilizeni. Mzee akihitaji kuchukuliwa fedha zake, shaurini waende watu wawili, na fedha zihesabiwe mbele yake. Mkiona jambo la kutia shaka, msilitaje katika mahubiri wala njiani. Liendeeni kwa mchungaji, kwa sheha, au kwa afisa wa ustawi wa jamii. Na kabla ya kulisema, ulizeni katika usharika: ikiwa mtu wa nyumba hii ataondoka, nani kati yetu atakwenda kesho asubuhi kumpikia bibi uji? Msipopata jina la mtu, kazi yenu haijakwisha.

Tena tujiangalie wenyewe. Bwana wetu aliwakemea waandishi waliokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu, na wale walioifanya mali ya kuwatunza wazazi kuwa wakfu wa Mungu ili wasiwape kitu. Mzee akitaka kulipa kanisa kiwanja chake, nasi tumwulize yale maswali matatu tunayotaka karani ayaulize. Kanisa lisilokubali kuulizwa habari ya sadaka za wazee halina kinywa cha kumwuliza mpwa.

Mungu awape nguvu wazee wetu, awape makarani dhamiri iliyo macho, na atupe sisi sote mikono ya kutunza pamoja na vinywa vya kusema.